Nyumba tupu, pauni 700: shajara ya samani za mtumba

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Leo nimekabidhiwa funguo. Nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, hapa hapa High Wycombe, mji ulio magharibi ya London ambako nimeishi miaka minne katika vyumba vya kupanga vyenye vitu vya watu. Nyumba ya halmashauri hapa Uingereza kwa kawaida ukipewa, umepewa kuta. Hakuna kitanda, hakuna pazia, na zulia la aliyehama limeshang'olewa. Wanangu wawili walianza kuitana kutoka chumba kimoja hadi kingine ili wasikie mwangwi. Mimi nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, nikaandika mahitaji nyuma ya bahasha: vitanda vitatu, magodoro matatu, kabati la nguo, kabati la droo, kochi, meza ya kulia, viti vinne.

Nina pauni 700. Nimezikusanya mwaka mzima kwa zamu za usiku na sitaki kukopa. Nimeona wenzangu wakilipia kochi kwa miaka mitatu, na kochi lenyewe likabonyea katikati kabla deni halijaisha. Nimeamua: magodoro nitanunua mapya, vingine vyote vitakuwa vya mtumba kutoka maduka ya chariti, yaani ya mashirika ya hisani yanayouza vitu walivyopewa na watu. Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tukifika huku hakuna wa kutuelekeza, kila mmoja anajifunzia kwenye hasara yake.

Jumatano, 18 Septemba

Mzunguko wa kwanza. Sikununua kitu, nilitaka kuona mambo yanavyokwenda.

Maduka ya barabara kuu ni madogo. Yanauza nguo, vitabu na vikombe, na samani utakuta stuli moja dirishani au kioo. Samani zenyewe ziko kwenye maduka makubwa. British Heart Foundation, shirika linalogharimia utafiti wa magonjwa ya moyo, wana maduka yao maalumu ya samani na vyombo vya umeme. Wapo pia Emmaus, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka 1949 kwa padri Abbé Pierre: wasio na makazi wanapewa pa kuishi na kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukusanya vitu vilivyotumika, kuvitengeneza na kuviuza. Kisha kuna maghala ya mashirika madogo ya mitaa, ya kutunza wagonjwa mahututi na kadhalika. Hayo ndiyo yaliyonivutia zaidi, maana vitu vimerundikana na bei haijakaa sawa.

Mama mmoja mzee anayejitolea dukani alinieleza kwamba watu husafisha nyumba zao mwisho wa wiki, mizigo huingia Jumatatu, na ukija Jumanne au Jumatano asubuhi unakuta vitu vipya kabla wafanyabiashara hawajapita. Kumbe wapo wanaopita kila wiki kuchagua vizuri na kwenda kuviuza kwa bei mara tatu.

Kuna jambo moja ambalo sikuhitaji kuelezwa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mzee anapoletwa kwetu huja na kiti kimoja, picha za ukutani na labda saa ya mezani, kwa sababu chumba ni kidogo. Vitu vingine vyote vya miaka hamsini ya ndoa familia huvitoa chariti. Kwa hiyo nikifungua droo dukani na kukuta imetandikwa karatasi ya maua iliyokatwa vizuri kwa mkasi, naifunga taratibu.

Jumapili, 22 Septemba

Nimempigia baba, Tanga. Baba ni fundi seremala. Karakana yake ilikuwa Ngamiani, nami nimekua nikicheza kwenye maranda. Sasa macho yamepungua nguvu na ameacha kazi, lakini ukimtajia mbao, sauti yake inarudi miaka thelathini nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo?"

Nilipomweleza nia yangu hakunipa pole kama nilivyohofia. Aliniuliza, "Una tochi?" Kisha akaanza kunifundisha, na nimeandika kama alivyosema.

Usitazame uso wa kitu. Uso unapakwa vanishi. Kipindue utazame tumbo na mgongo, huko ndiko fundi hakuwa na sababu ya kudanganya. Droo itoe nje kabisa, uitazame kwenye kona. Ukiona mbao mbili zimekatwa meno yakaingiliana kama vidole vya mikono miwili, hiyo ni kazi. Ukiona pini za chuma na gundi tu, hiyo itakaa ukiwa huigusi. Kabati lishike pembe ya juu ulisukume kidogo kwa ubavu. Likicheza mara moja na kusimama, viungo vinahitaji gundi tu. Likiyumba kama mlevi, viungo vimeshalika. Gonga kwa kifundo cha kidole: mbao kamili hujibu kwa sauti ya ndani, na ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi hujibu bubu. Tena hiyo ya unga utaijua pembeni chini, palipolowa pamevimba kama mkate uliomwagikiwa maji, na haina dawa.

Halafu akasema, "Na ukiwa na shaka, mwanangu, nipigie na picha. Nionyeshe ubavu, usinionyeshe sura."

Jumanne, 24 Septemba

Nimepata kabati la droo! Pauni 35.

Lilikuwa ghalani, limefichwa nyuma ya friji, rangi ya chai nzito, halina nakshi hata moja. Droo nne zenye vishikio vya mbao. Nilikaribia kulipita kwa jinsi lilivyo la kawaida. Niliitoa droo ya juu: meno kwenye kona zote nne. Nikainusa, harufu ya sabuni ya zamani. Nyuma yake, ndani ya fremu, palikuwa na alama iliyochomwa: herufi C mbili nene, kila moja kama jibini la duara lililokatwa kipande, na namba 41.

Nimesoma usiku huu mpaka nimechelewa kulala. Ni alama ya serikali ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mbao zilikuwa haba, meli zinazamishwa, nyumba zinapigwa mabomu, na watu wanahitaji vitanda na makabati hivyo hivyo. Serikali ikaweka mpango kuanzia mwaka 1943: viwanda vitengeneze samani za michoro michache iliyokubaliwa, imara, zisizo na mapambo, kwa bei iliyopangwa. Usingeweza kununua tu kwa kuwa una hela. Ulihitaji kibali, na waliotangulizwa ni maharusi wapya na watu waliopoteza nyumba kwa mabomu. Mpango uliendelea mpaka mwaka 1952.

Nimekaa kimya mbele ya kabati hili. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa anaanza na kuta tupu. Limepita mikononi mwa watu nisiowajua kwa miaka zaidi ya sabini na droo zake zote zinateleza bila kukwama. Nilizipaka kipande cha mshumaa chini, kwenye njia ya kupitia, kama baba alivyokuwa akifanya. Hakuna kingine kilichohitajika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Hasara ya kwanza, pauni 12. Nilinunua meza ndogo ya pembeni ya kitanda kwenye duka moja dogo, nikiwa na haraka ya kuwahi zamu, na sikuipindua. Siku tatu baadaye, chini ya mguu wake mmoja, nimekuta kichungu cha unga laini wa rangi ya krimu. Nimeipindua leo: vitundu vya mviringo, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kama ishirini hivi.

Ni wadudu wa mbao. Mdudu mzima hutaga kwenye nyufa, na buu lake hukaa ndani likila kwa miaka kadhaa kabla ya kutoka kupitia hivyo vitundu. Vitundu peke yake si neno, huenda ni vya miaka arobaini iliyopita na wadudu wameshakufa. Unga mpya unaomwagika ndio wa kuogopa. Dawa ya kupaka ipo, lakini chupa ni bei kuliko meza yenyewe, na kabati langu lipo hatua mbili kutoka pale. Duka limesema hawarudishi fedha. Nimeipeleka kwenye jalala la halmashauri. Tangu leo, haraka au si haraka, kila kitu kinapinduliwa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Vitanda. Kuna kaka mmoja wa Mombasa tunayesali naye, ana gari la mizigo, amenisaidia kwa pauni 10 za mafuta, na hizo nazo nilizimlazimisha. Kitanda kikubwa cha mbao pauni 40, kimoja cha mtoto cha msonobari pauni 25, kingine cha chuma pauni 30. Kaka alikataa kuondoka dukani mpaka tumehesabu bolti. Akasema, "Dada, kitanda bila bolti zake ni kuni." Na kweli, mfuko wa kile cha msonobari ulikuwa na bolti tano badala ya nane. Muuzaji akazitafuta kwenye kopo la vitu vilivyobaki, akazipata mbili. Ya nane tumeinunua kwa fundi wa baiskeli.

Magodoro mapya yameletwa: mawili ya watoto pauni 65 kila moja, langu pauni 120. Jumla 250, pigo kubwa kuliko yote, lakini kwenye hili sibadiliki.

Kosa langu ni hili, nawaomba mlishike. Kitanda cha mtu mmoja cha Kiingereza ni sentimita 90 kwa 190. Vitanda vya maduka ya kutoka bara la Ulaya, kama IKEA, ni 90 kwa 200. Kile cha chuma kilikuwa cha Ulaya, nami nimeagiza magodoro yote ya 190. Mwanangu mdogo sasa ana pengo la sentimita 10 miguuni. Tumelijaza kwa blanketi lililokunjwa, na yeye ameligeuza kuwa ghala la vigari vyake. Lakini ningebeba futi ya kupimia, isingetokea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo ni viti, na kwa viti mji huu una haki ya kujisifu. High Wycombe ilikuwa mji wa kutengeneza viti. Vilima vinavyouzunguka vina misitu ya mti waitao beech, na mafundi walifanya kazi humo humo msituni wakichonga miguu ya viti na kuipeleka mjini kuunganishwa. Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1870 mji ulitoa viti zaidi ya 4,000 kwa siku. Timu ya mpira ya hapa, Wycombe Wanderers, mpaka leo jina lake la utani linatokana na viti. Miaka minne nimepita barabara hizi na sikujua nimehamia mji wa maseremala.

Nilivikuta viwili kwenye ghala la chariti, pauni 18 kila kimoja, vya Ercol. Kampuni hiyo iliasisiwa hapa mwaka 1920 na Mwitaliano Lucian Ercolani, na mwaka 1944, vita vikiendelea, serikali iliagiza kwake viti 100,000 vya jikoni. Kwa wafanyabiashara viti vyake vina bei. Hivi viwili viliachwa kwa sababu vimepauka na kimoja kina alama ya kikombe cha moto.

Nilivipindua pale pale sakafuni, nikiwa nimepiga magoti. Chini ya kimoja palikuwa na muhuri wa kiwango cha Uingereza, BS 1960. Watu wengi hudhani huo ni mwaka wa kutengenezwa, kumbe ni namba ya kiwango. Nikavisimamisha nikatazama juu. Kikalio ni kipande kinene cha mti waitao elm, kimechongwa bonde kufuata mwili wa mtu, na juu yake yanaonekana maduara manne yenye mstari katikati. Hayo ni ncha za miguu. Mguu umepenya kikalio mpaka juu, ukapasuliwa kidogo, ikapigwa kabari ndani ya mpasuko ili utanuke na usichomoke tena. Hakuna msumari wala skrubu. Ukikaa, uzito wako unazidi kukaza kiungo. Nilipitisha kidole juu ya duara moja. Ni laini kama sakafu ya msikiti, husikii mbao moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Mbao hii ina huzuni yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na mende wa magome uliua mamilioni ya miti hii Uingereza. Vikalio vya viti vya zamani ni miongoni mwa mahali michirizi yake bado inaonekana.

Viti viwili vingine nimechukua vya kawaida, pauni 5 kila kimoja. Havilingani. Watoto wameshagombea nani akalie cha alama ya kikombe.

Jumatano, 23 Oktoba

Kochi, pauni 90, kuletwa pauni 30. La watu watatu, kijivu, fremu ngumu.

Kwenye makochi kuna sheria, na ukiijua itakusaidia. Kwa kanuni za mwaka 1988, samani zenye sponji na kitambaa zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani, hata za mtumba, zinatakiwa ziwe zimetimiza masharti ya kutoshika moto upesi, isipokuwa zile za zamani sana za kabla ya 1950. Sheria ilitokana na vifo. Sponji za zamani zikiwaka hutoa moshi wa sumu ndani ya dakika chache tu. Mwaka 1979 moto ulioanzia kwenye samani katika duka kubwa moja mjini Manchester uliua watu 10. Ndiyo maana chariti hazipokei kochi lisilo na lebo yake ya kudumu, na ndiyo maana ukiona kochi zuri linatolewa bure mtaani na lebo imekatwa, jiulize mara mbili. Lebo yangu ilikuwa chini ya mto wa kati, imeshonwa.

Kisha kunguni. Hapa sikuona haya mbele ya mtu. Nilitoa mito yote, nikamulika tochi kwenye kila mshono, nikapitisha kadi ngumu ndani ya mikunjo, nikalilaza kochi kifudifudi nikatazama kitambaa cha chini. Unatafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, magamba ya rangi ya kahawia, mayai meupe. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula akimngoja mtu, kwa hiyo kochi kuwa limekaa muda ghalani si kinga. Muuzaji alinisubiri mpaka nimemaliza. Lilikuwa safi.

Ngazini lilikwama kwenye kona ya pili. Tuliifungua miguu, likapita.

Jumanne, 29 Oktoba

Shule zimefungwa wiki hii, nimekwenda na watoto. Nilikuwa natafuta meza ya kulia na nimekwisha kata tamaa: za mbao kamili zinaanzia pauni 100, za bei yangu zote zimevimba pembe.

Mwisho wa ghala, zimeegemezwa ukutani pamoja na milango, palikuwa na mbao moja ndefu, chafu, yenye matundu mawili ya mviringo. Lebo ilisema ni uso wa meza ya msaji, mbao waitayo teak, pauni 40. Mita 1.8 kwa sentimita 70, unene wa vidole viwili. Nilijaribu kuiinua pembe moja, nikaona si mchezo. Nyuma yake palikuwa na chingamu iliyoganda, majina yaliyochorwa kwa kalamu, na herufi za kwanza za jina la mtu zimechongwa kwa ncha ya bikari, kwa uvumilivu mkubwa. Ilikuwa meza ya maabara ya shule. Yale matundu ni mahali mabomba ya gesi yalipochomoza.

Nilimpigia baba kwa picha.

"Baba, wanasema msaji."

"Sogeza karibu. Nionyeshe ubavu ulikokatwa." Akanyamaza kidogo. "Umeugusa? Una mafuta?"

"Hauna, baba. Mkavu."

"Ukwangue kwa ufunguo pale chini pasipoonekana."

Nikakwangua. Chini ya ule weusi ikatoka rangi ya manjano, kama ndizi iliyoiva.

"Unanukia ngozi?"

"Haunukii kitu."

"Basi huo si msaji, mwanangu," akasema, na nikamwona ameisogelea simu mpaka ikabaki paji la uso tu. "Huo ni mvule."

Nilisimama katikati ya ghala lile la baridi, watoto wananivuta mkono, na sikuweza kusema kitu. Nimeulalia mvule nikiwa mtoto. Mlango wa nyumba yetu Ngamiani ni mvule. Nimesoma baadaye kwamba huku wanauita iroko, jina la Kiyoruba, maana mwingi uliletwa kutoka Afrika Magharibi, na kwa miongo kadhaa shule za Uingereza zilitengenezewa meza za maabara kwa mbao hii kwa sababu inavumilia maji na haiozi upesi. Shule zinapojengwa upya, zinang'olewa. Sidai kwamba huu ulitoka Tanga. Huenda ni wa Ghana au Nigeria. Lakini ni mvule.

Nimelipa pauni 40.

Jumapili, 3 Novemba

Kazi ya msasa, ua wa nyuma wa jengo, jua hafifu. Nilianza na msasa mkali, namba 60, kisha 120, kisha 180. Majirani wawili walishuka kutazama.

Baba alinionya nijifunge pua na mdomo. Nilivaa barakoa ya kazini, lakini mikono niliiacha wazi. Baada ya nusu saa viwiko vilianza kuwasha, macho yakatoa machozi. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: siku za mvule baba alikuwa akifunga kanga kuukuu ya mama usoni, iliyolowa, na alikuwa hatushiki mpaka ameoga. Siku za mninga alikuwa hafungi. Mimi nilidhani ni mtindo tu. Vumbi la mvule linawasha, ndiyo sababu. Nimeingia ndani kuvaa mikono mirefu na nimeendelea.

Kwenye sehemu moja msasa ulikwaruza kwa sauti nyingine, kama umegusa kigae. Palikuwa na mstari mweupe mgumu. Nikampelekea baba picha, akajibu kwa sauti iliyorekodiwa: mvule hutengeneza jiwe ndani yake, chokaa hasa, pale ulipopata jeraha. Jiwe hilo limemvunjia patasi mbili. "Liache," akasema, "usilichimbe. Lisugue liwe sawa tu."

Jumamosi, 9 Novemba

Miguu nimeipata: fremu ya meza ya jikoni iliyopasuka uso, pauni 8, imara. Kaka wa Mombasa ameniazima drili na tumeufunga mvule juu yake. Skrubu tumezipitisha kwenye matundu marefu kidogo ili mbao ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa, maana nyumba za huku zikiwashwa hita hukausha mbao sana. Matundu mawili ya gesi nimeyaziba kwa vipande vya mduara nilivyokata kutoka kwenye ncha yake yenyewe. Vinaonekana. Nimeviacha vionekane.

Msasa na mafuta ya linsidi pauni 19. Nimepaka kwa kitambaa, nikasubiri, nikafuta, nikarudia siku ya pili. Angalizo zito: vitambaa vilivyolowa mafuta haya usivifinyange ukavitupa kwenye pipa. Vinapokauka vinatoa joto na vikiwa vimerundikana vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke, au viloweke kwenye maji.

Jumapili, 24 Novemba

Hesabu, kwa wanaotaka kulinganisha. Magodoro 250. Kabati la droo 35. Meza ndogo iliyotupwa 12. Vitanda vitatu 95, na mafuta ya gari 10. Gari la pili la kuleta vitu kutoka ghalani, 30. Viti vinne 46. Kochi na kuletwa kwake 120. Meza ya kulia, pamoja na fremu, msasa na mafuta, 67. Jumla pauni 665. Imebaki 35, na kabati la nguo bado sijapata. Nimeona matatu, mawili ya unga wa mbao, la tatu zuri mno lakini halingepita ngazini. Nguo zetu zinaning'inia kwenye bomba la chuma nililofunga baina ya kuta mbili.

Wiki mbili zilizopita mvule ulikuwa wa manjano kabisa. Umeanza kugeuka, mwanga unaupeleka polepole kwenye hudhurungi. Leo binti yangu alipoinua daftari lake la hesabu, ambalo alikuwa ameliacha tangu Jumatatu upande wa dirishani, chini yake palibaki mstatili wa manjano, umekaa pembe zote nne. Alishtuka akadhani ameharibu. Nikamwambia utafifia wenyewe ukipigwa mwanga. Hakuamini, akampigia babu yake.

"Shikamoo babu. Meza imeota alama."

"Marahaba mjukuu wangu. Ya daftari, sivyo?"

Akanitazama amepanua macho. Kisha akainama chini ya meza na simu mkononi, akamwonyesha babu yake zile herufi zilizochongwa, na wamekaa huko chini muda mrefu wakibishana ni za mvulana au za msichana. Jumanne ninapumzika. Nitapita ghalani asubuhi, na futi ya kupimia iko mkobani.